Ala za Tabibu Abul-Qasim Zahrawi na Jinsi Zilivyohifadhika

Makala haya yahusu ala za upasuaji alizozieleza tabibu wa Kiislamu wa Andalusi, Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Zahrawi, ambazo mifano yake yaonekana leo katika nyumba za makumbusho za Waislamu na za Wazungu. Habari ya mtu huyu husimuliwa sana katika mihadhara, na katika kusimuliwa imetiwa chumvi nyingi, hata aghalabu ya wasikiao hudhani kuwa vile vyuma vilivyowekwa ndani ya makabati ya vioo ndivyo vilivyoshikwa na mkono wake. Sivyo. Na kweli yake ni bora kuliko hiyo chumvi.

Mtu aingiapo katika jumba la makumbusho ya taarikhi ya elimu na ufundi wa Kiislamu lililoko Istanbul, ndani ya bustani ya Gülhane, jumba lililofunguliwa mwaka 2008 kwa juhudi ya mwanachuoni Fuat Sezgin, atakuta visu vya kupasulia, kulabu, koleo za meno, mirija na vyuma vya kuchomea, vyote vimepangwa kwa safu na vyote vyang'aa. Vyang'aa kwa sababu ni vipya. Vimefuliwa katika zama hizi kwa kufuata michoro ya vitabu, chini ya chuo alichokiasisi huyo Sezgin katika mji wa Frankfurt mwaka 1982. Kadhalika mifano iliyomo katika mnara wa Calahorra, ukingoni mwa mto wa Qurtuba, nayo ni kazi ya mafundi wa siku hizi. Hapana katika hizo kisu hata kimoja kilichotoka katika mkoba wa Abul-Qasim mwenyewe.

Atakaye kuona ala za upasuaji zilizo za kale kwa dhati yake hana budi kwenda Naples, katika nchi ya Italia. Huko zimewekwa ala zilizofukuliwa Pompeii, mji wa Warumi uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79 baada ya kuzaliwa Nabii Isa a.s. Nyumba moja ya mji huo mpaka leo yaitwa Nyumba ya Mpasuaji, kwa ajili ya ala zilizokutwa humo katika karne ya 18. Ala hizo zilisalimika kwa mambo mawili. La kwanza, nyingi katika hizo ni za shaba, na shaba hailiwi na kutu kama kiliwavyo chuma. La pili, zilifukiwa kwa ghafula, wenyewe wasipate nafasi ya kuzichukua wala ya kuziuza. Kwani hali ya chombo cha kazi ni kwamba kikichakaa hurudishwa kwa mhunzi kikafuliwa kitu kingine: kisu cha tabibu mwaka huu, mwakani huwa kisu cha jikoni. Basi vya Andalusi vilikuwa aghalabu vyuma, wala havikufukiwa kwa ghafula. Vilitumika, vikaisha.

Hata mji wenyewe aliojinasibisha nao haukudumu. Zahra ulikuwa mji wa kifalme, ulioanzwa kujengwa na Khalifa Abdurrahman Nasir mwaka 325 wa Hijra (936), maili chache magharibi ya Qurtuba. Fitina iliyozuka mwaka 399 (1009) iliutia mikononi mwa waporaji, ukabomolewa, na mawe yake yakachukuliwa kujengea mahali pengine. Leo ni magofu, yaliyotiwa na UNESCO mwaka 2018 katika daftari la urithi wa ulimwengu. Na habari za maisha ya Abul-Qasim ni haba kama mabaki ya mji wake. Humaidi, aliyekusanya habari za watu wa Andalusi, amemtaja kwa mistari michache tu, akamsifu kwa dini na elimu, hasa elimu ya utabibu, akasema kwamba alifariki baada ya mwaka 400. Wengi wakadiria mwaka 404 (1013). Hayajulikani majina ya watoto wake, wala kaburi lake.

Kilichobaki ni kitabu. Jina lake ni At-Tasrif liman ajiza anit-taalif, na makusudio ya jina hilo ni kuwa msaada kwa mtu asiyeweza kujikusanyia elimu hiyo mwenyewe. Kina maqala 30, na nyingi katika hizo ni za maradhi na dawa: dawa za kunywa, za kupaka, na jinsi ya kuzichanganya. Alikikamilisha yapata mwaka 1000 wa miladi. Maqala ya 30, iliyo ya mwisho, ndiyo ya kazi ya mkono, nayo ina milango mitatu: wa kwanza wa kuchoma kwa moto, wa pili wa kupasua na kutoa damu na kutibu majeraha na kuchomoa mishale, wa tatu wa kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka. Yeye mwenyewe aeleza sababu ya kuiandika: kazi ya mkono ilikuwa imekwisha potea katika nchi yake na zama zake, hapatikani aijuaye vizuri, na maneno machache ya wakale yaliyobaki yalikuwa yameharibiwa na wanakili hata hayafahamiki.

Basi ndani ya maqala hiyo alifanya jambo ambalo halijulikani kufanywa kwa wingi kama huo na mwandishi wa upasuaji aliyemtangulia. Kila alipoitaja ala, aliichora papo hapo katikati ya maneno. Michoro yakaribia 200. Wala hakutosheka na mchoro. Aeleza kila ala ni ya madini gani, chuma au shaba au fedha, unene wake ni wa kiasi gani, ncha yake iwe kali au butu, mpini wake uwe wa namna gani. Na ala nyingi alizipa majina kwa vitu ambavyo kila mtu avijua: chuma cha kuchomea mfano wa zeituni, chuma mfano wa msumari, chuma mfano wa mwezi mwandamo, kisu mfano wa jani la mhadasi. Hekima ya jambo hilo ni dhahiri kwa mwenye kufikiri. Tabibu hafui chuma. Afuaye ni mhunzi, na mhunzi huenda asijue kusoma. Lakini mhunzi wa mji wowote amepata kuona zeituni na msumari na mwezi. Mwanafunzi aliye mbali, asiyemwona Abul-Qasim wala asiyewahi kufika Qurtuba, aweza kukichukua kitabu mpaka kiwandani, akaweka kidole juu ya mchoro, akamwambia mhunzi, nifulie hiki, ncha yake kama kokwa ya zeituni.

Katika mlango wa kuchoma pana mjadala mzuri unaoonyesha akili ya mtu huyu. Wakale walisema kwamba kuchoma kwa chuma cha dhahabu ni bora kuliko kuchoma kwa chuma cha kawaida, kwa sheria ya maumbile ya dhahabu wajuavyo wao. Abul-Qasim ayajibu maneno hayo kama fundi, si kama mwanafalsafa. Asema kwamba dhahabu itiwapo motoni haijulikani imefikia kiasi gani cha moto, kwa kuwa rangi yake yenyewe ni nyekundu-manjano. Tena hupoa upesi. Na ikizidishiwa moto huyeyuka. Chuma, mtu hukiona kikigeuka rangi, akajua sasa kimefika. Basi chuma ni bora. Na kwa kuwa msomaji aweza kukumbuka Hadithi sahihi ambamo Mtume s.a.w. alitaja kwamba ponyo limo katika asali na chuku na kuchoma moto, kisha akaukataza umma wake kuchoma, yafaa ikumbukwe pia kwamba yamepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kuwa yeye mwenyewe s.a.w. alimchoma Saad bin Muadh r.a. juu ya mshipa wake uliojeruhiwa. Kwa hiyo wanavyuoni wameyakusanya mambo hayo mawili wakasema: katazo ni la kukimbilia moto bila ya haja, na ruhusa ni pale penye dharura.

Ala nyingine ni ndogo, lakini zastahili kutazamwa kwa makini katika hayo makabati. Kuna kisu kilichofichwa, kilichochorwa kwa vipimo vitatu, kikubwa na cha kati na kidogo. Makali yake yamo baina ya mabamba mawili, na kwa kidole hutolewa na kurudishwa. Kazi yake ni kupasulia jipu bila ya mgonjwa kutambua kuwa mkononi mwa tabibu mna kisu, maana khofu peke yake yamtosha kuruka na kujiumiza. Kuna bomba la kutilia dawa ndani ya kibofu, la fedha au la pembe ya ndovu, lenye mrija mwembamba na kisukumio. Na kuna kitu mfano wa keekee ya seremala, ila ni chembamba sana, chenye ncha ya pembe tatu, kilichotiwa katika mpini wa mti. Hicho ni cha mtu ambaye jiwe la kibofu limeshuka likakwama katika njia ya mkojo. Tabibu hufunga uzi nyuma ya jiwe ili lisirudi ndani, kisha huiingiza keekee polepole mpaka ifike juu ya jiwe, akaizungusha kwa mkono kidogo kidogo, hata jiwe likatoboka na mkojo ukatoka; kisha hulibonyeza kwa nje likavunjika, likatoka pamoja na mkojo. Mwanamume aliyepata maradhi hayo hana haja ya kuelezwa thamani ya keekee hiyo.

Kwa meno yaliyolegea aliandika kwamba yafungwe kwa uzi wa dhahabu au wa fedha, na akapendelea dhahabu, kwa sababu fedha baada ya siku chache hubadilika na kuoza, na dhahabu hudumu katika hali yake. Jino lililong'oka aliona kwamba laweza kurudishwa mahali pake na kufungwa pamoja na wenziwe, au kuchongwa jingine la mfupa wa ng'ombe. Hapa mwanamume wa Kiislamu huenda akashituka, kwani dhahabu imeharimishwa kwa wanaume. Lakini mas'ala haya yana asili katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ya sahaba Arfaja bin As'ad r.a., aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alijifanyia pua ya fedha ikanuka, na Mtume s.a.w. akamwamuru aifanye ya dhahabu. Kwa asili hiyo wanavyuoni wa madhhabi ya Imam Shafii r.a. wamehalalisha kwa mwanamume pua na jino na ncha ya kidole za dhahabu. Yafaa kuangaliwa jinsi Hadithi na tajriba ya tabibu zilivyokutana juu ya jambo moja: fedha ndani ya mwili huharibika, na dhahabu haiharibiki.

Lakini mambo haya yote ni ya mikono. Moyo wa maqala hii umo katika utangulizi wake, ambao haukuwekwa katika kabati lolote, na ambao wasifu wengi wa Abul-Qasim hawautaji. Kabla ya kuchora kisu cha kwanza, ameweka mbele ya mwanafunzi maiti kadhaa. Asimulia kwamba alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe katika shingo ya mwanamke, akakata mishipa ya damu, na damu ikamtoka mwanamke yule hata akafa mbele yake. Asimulia habari ya tabibu mwingine aliyejasiri kumtoa jiwe mtu mzima wa umri, na jiwe lilikuwa kubwa; akalitoa pamoja na kipande cha kibofu, na mtu yule akafa yapata siku ya tatu. Abul-Qasim alikuwa ameitwa yeye kwanza kulitoa jiwe lile, akalitazama na kuitazama hali ya mgonjwa, akakataa. Na asimulia habari ya kijana mtumwa wa mkuu mmoja, aliyevunjika mguu karibu na kisigino na palikuwa na jeraha. Tabibu wa yule mkuu akaufunga mguu kwa nguvu juu ya jeraha, asiliache wazi, akamwacha siku kadhaa. Alipoitwa Abul-Qasim akaifungua bendeji, kuoza kulikuwa kumekwisha kupanda, wala hapakuwa na la kufanya. Kijana akafa.

Kisha ndipo awausia wanafunzi wake. Huwaambia kwamba kazi hii ina sehemu mbili, sehemu yenye salama na sehemu yenye hatari, na kwamba mahali pa hatari apaeleza katika kitabu ili wajihadhari napo. Huwakataza tamaa ya mali isiwaingize katika jambo wasilolijua mwisho wake. Huwataka wasome kwanza maumbile ya viungo na mifupa na mishipa, kwani asiyeyajua hayo hana salama ya kuua watu. Maneno haya ni sharhi ya Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Nasai na Ibn Majah, ya kwamba mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, basi atadhaminishwa madhara aliyoyaleta. Hukumu hiyo ni ya sheria, na diya yake hulipwa. Kizuri ni nia, lakini nia haizibi mshipa uliokatwa.

Na katika jambo la wanawake alishika njia ya heshima bila ya kuacha tiba. Asema kwamba mwanamke mwenye jiwe la kibofu ni shida kutibiwa, kwa kuwa ajistahi mbele ya mwanamume, na tabiba wa kike aliye hodari ni nadra. Basi atafutwe tabiba. Asipopatikana, awe tabibu mwaminifu mwenye kujistahi, pamoja na mkunga mjuzi, na mkunga afanye kwa mkono wake kwa kufuata maelekezo ya tabibu. Hakusema mwanamke aachwe afe kwa haya.

Wako wasemao kwamba ala zote 200 alizibuni yeye. Mwenye kusema hivyo amemsifu kwa jambo ambalo mwenyewe hakulidai. Abul-Qasim akiri mara nyingi kwamba achukua kwa wakale, na mengi katika mlango wa kupasua yatoka katika kitabu cha Bulus, tabibu wa Kiyunani aliyekuwa Iskandaria katika karne ya saba. Alilolizidisha ni tajriba: hili nimelijaribu likafaa, lile nimelijaribu sikuliona zuri, na hili sijalifanya. Kwa mfano, alipokuja katika jeraha la koo, alieleza habari ya kijakazi aliyechukua kisu akajikata koromeo. Aliitwa, akamkuta akitoa sauti kama mnyama aliyechinjwa. Akalishona jeraha, akamtibu mpaka akapona, asibakiwe na dhara ila kukwama kwa sauti. Kwa kisa hicho akajua kwamba jeraha la koromeo laweza kushonwa na kupona. Na katika majeraha ya utumbo alitaja kushona kwa uzi mwembamba unaotolewa katika matumbo ya wanyama. Kujisifu kwa babu ni jambo jepesi. Lakini babu huyu kila ukurasa awauliza wajukuu wake swali moja: wewe umejaribu nini?

Kitabu kilisafiri kuliko alivyosafiri mwenyewe. Katika mji wa Toledo, Gerard wa Cremona (aliyefariki mwaka 1187) aliifasiri maqala ya upasuaji kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakamwita Abulcasis, jina lililochipuka kutoka Abul-Qasim. Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa, alipoandika kitabu chake mwaka 1363 alimtaja mara nyingi mno. Kilipigwa chapa Venice mwaka 1497. Na mwaka 1778 Kiarabu chenyewe, pamoja na Kilatini na michoro, kilichapwa Oxford kwa kazi ya John Channing. Upande wa Waislamu, Sharafuddin Sabuncuoglu, tabibu wa mji wa Amasya katika nchi ya Uturuki, aliandika mwaka 1465 kitabu kwa Kituruki akakizawadia Sultan Muhammad Fatih. Akaifuata humo maqala ya Abul-Qasim, akaongeza tajriba yake, na michoro ya tabibu na mgonjwa wakiwa katika kazi, jambo ambalo halimo katika kitabu cha Zahrawi. Nakala za mkono za Tasrif zimo Oxford, zimo Istanbul, zimo Patna katika India, na katika miji mingine. Mwaka 1973 M. S. Spink na G. L. Lewis waliitoa maqala ya 30 London kwa Kiarabu na Kiingereza ubavu kwa ubavu, na wengi wa watengenezao mifano hurejea humo.

Hapa pana jambo la kutanabahi kwa mwenye kuzuru nyumba za makumbusho. Michoro ya nakala hizo haifanani. Mwanakili aliyejua utabibu alichora makali mahali pa makali. Mwanakili asiyejua alichora alichokiona, na pengine alichokipenda, hata kulabu ikawa kama ua na mkasi ukawa pambo la ukurasa. Mfua mfano wa leo hana budi kuchagua mchoro mmoja, na pale mchoro usipofahamika arudi kwenye maneno. Kwa hiyo kila chuma kilichomo kabatini ni tafsiri, kama tafsiri ya maneno ilivyo tafsiri, na tafsiri hupata na hukosa. Makumbusho yaliyo mema huandika jambo hilo waziwazi katika kibao, kwamba huu ni mfano uliofuliwa kwa kufuata kitabu fulani. Mzuru na asome kibao kwanza, kisha atazame chuma.

Limebaki fungu moja la maqala hii ambalo kwa mwanamume wa pwani ni karibu zaidi kuliko mengine yote, nalo ni la tohara. Kila mmoja amepitia mkononi mwa ngariba au wa daktari, na kila mmoja humpeleka mwanawe. Katika madhhabi ya Imam Shafii tohara ni wajibu. Imepokewa katika Sahihi kwamba Nabii Ibrahim a.s. alijitahiri kwa kadumu naye ni mwenye miaka 80, na wanavyuoni wamekhitalifiana, kadumu ni jina la mahali, au ni tezo ya seremala. Basi Abul-Qasim, alipofika hapo, alijikuta peke yake. Kwa maneno yake, wakale hawakuieleza, kwa sababu tohara haikuwamo katika dini yao. Yeye alisema hivyo wazi, kwamba haya aliyoyaandika ameyapata kwa tajriba tu.

Akatazama wafanyavyo matabibu na watoa damu wa mji wake. Wako waliotumia wembe. Akaona kwamba govi lina tabaka mbili, na wembe huenda ukakata ya juu ukaacha ya chini, mtoto akahitaji kukatwa mara ya pili na kuumizwa upya. Wako waliokata kwa kufuata ukucha, na chuma huweza kuteleza. Wako waliotumia ala nyingine, ambayo haina amani ya kukata ncha ya kichwa cha dhakari. Alizijaribu njia zote, kisha akachagua mkasi pamoja na kufunga uzi, kwa kuwa makali mawili ya mkasi hukutana, yakakata ya juu na ya chini pamoja kwa kiasi kimoja, na uzi huzuia ngozi isiteleze.

Na kabla ya mkasi alimtazama mtoto. Asema kwamba mtoto, hasa aliyeanza kufahamu, aambiwe kuwa leo atafungwa uzi tu, kisha ataachwa mpaka siku nyingine. Afurahishwe na kuchangamshwa kwa kila linalowezekana. Asimamishwe mbele ya tabibu, asikalishwe. Na mkasi ufichwe ndani ya mkono wa kanzu, au chini ya unyayo wa tabibu, mtoto asiuone wala asione ala yoyote. Yule aliyefuliwa visu kwa mamia alijua kwamba kwa mtoto ala iliyo bora ni ile asiyoiona. Huko kwenye kumbi za zamani za pwani, mahali ambapo kelele za ngoma zilifunika kilio, khofu ya mtoto ilihesabiwa kuwa ni sehemu ya mafunzo. Abul-Qasim hakuihesabu hivyo. Aliiona kuwa ni hatari, kwani mtoto atetemekaye hukatwa vibaya.

Hata jina la fungu lenyewe lataja tohara na kutibu makosa yatokeayo ndani yake, kwa maana alijua kuwa makosa hutokea, akaandika la kufanya. Baada ya kukata, aliiacha damu itoke kidogo, kisha akanyunyiza majivu ya mumunye mkavu uliochomwa, ambayo asema ndiyo bora aliyoyajaribu, au unga mweupe laini. Juu yake akaweka kitambaa chenye kiini cha yai lililopikwa kwa maji ya mawaridi, lililopigwa pamoja na mafuta mazuri ya waridi, akaliacha mpaka siku ya pili. Hiyo ni habari ya taarikhi, wala si dawa ya kujaribiwa nyumbani. Jeraha la leo huoshwa na kufungwa kwa vitu vilivyochemshwa, na daktari yupo. Chini ya maneno hayo, katika nakala za kitabu, umechorwa mkasi.